Na Ule Mwingine?

Mama mmoja muuza mchele alifika ofisini Jumatatu asubuhi, mwezi wa sita, akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na barua moja yenye mhuri wa chama cha akiba na mikopo nilichokuwa nakifanyia kazi. Barua ilisema hajaleta marejesho ya mkopo wake kwa miezi mitatu, kwamba adhabu imeanza kuhesabiwa, na kwamba wadhamini wake wawili wameshaarifiwa kwa maandishi.

Hakupiga kelele. Mimi nilikuwa nyuma ya karani nikihangaika na printa, na nilimsikia akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwezi wa pili mliniambia sina deni. Hili limetoka wapi?"

Karani akaiangalia kompyuta. Kisha akageuka, akaniangalia mimi.

Mfumo ule niliuandika mimi.

Chama hicho kiko Morogoro, na wanachama wake ni walimu, mafundi cherehani, wauza mboga zinazoteremshwa kutoka milima ya Uluguru, vijana wa bodaboda. Kabla sijafika, kila kitu kilikuwa kwenye kadi. Kila mwanachama alikuwa na kadi yake ngumu, na kila mkopo ulikuwa na sehemu yake humo. Mhasibu, mzee mmoja mwalimu mstaafu ambaye ofisi nzima ilimwita Mwalimu, aliweza kuchomoa kadi ya mtu yeyote kwenye sanduku kabla hujamaliza kutaja namba yake. Mimi nilikuja na kompyuta mbili, seva ndogo na kanzidata ya PostgreSQL. Nilikuwa na miaka 25 na sikuwa na shaka kwamba tatizo la chama lilikuwa zile kadi.

Asubuhi ile nilimwomba yule mama akae, nikafungua kumbukumbu zake moja kwa moja kwenye kanzidata, bila kupitia skrini ya karani. Alikuwa na mikopo miwili. Mmoja wa maendeleo, shilingi 2,400,000 za kulipa kwa miezi 24. Mwingine wa dharura, shilingi 400,000 za miezi sita, aliouchukua mwanawe alipolazwa. Mwezi wa pili alileta marejesho ya mwisho ya ule wa dharura, na siku hiyohiyo akalipia na wa maendeleo kama kawaida yake. Halafu akamwomba karani amwangalizie anadaiwa kiasi gani.

Skrini ikaonyesha sifuri.

"Niliuliza," mama akaniambia. "Nilimwambia huyu dada, na ule mwingine? Akaangalia tena, akasema mfumo unaonyesha sifuri, mama, umemaliza."

Karani aliinamisha kichwa. Hakukana. Alikuwa ameangalia tena, na mara ya pili mfumo ulimjibu vilevile. Yule mama alijua ana mikopo miwili. Alikuwa ameiandika yote kwenye daftari lake la hesabu za duka, tarehe kwa tarehe. Lakini mbele yake kulikuwa na kompyuta na mtu aliyesoma, na wote wawili walisema sifuri. Akajiambia labda hesabu zake ndizo zina kasoro, labda riba imepungua, labda gawio la hisa limekata deni. Alienda nyumbani na kuacha kulipa. Pesa ya miezi mitatu ikaingia kwenye ada ya mwanawe wa chuo cha ufundi. Salio la kweli siku ile lilikuwa shilingi 1,300,000.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kugusa kanzidata, mambo yako hivi. Data hukaa kwenye majedwali yenye mistari na safu, na unaiuliza kwa lugha inayoitwa SQL. Swali likiwa refu, au likiulizwa kila siku, unaweza kulihifadhi ndani ya kanzidata yenyewe kama fankisheni. Unalipa jina, unataja kinachohitajika ili lijibiwe, kwa mfano namba ya mwanachama, na unatangaza litarudisha nini. Baada ya hapo karani hana haja ya kujua lolote. Anaandika namba, anabonyeza kitufe, skrini inaita jina lile, jibu linakuja.

Kwenye sehemu ya kutangaza kitakachorudi, mimi niliandika neno moja: mikopo. Maana yake kwa PostgreSQL ni kwamba fankisheni hii hurudisha mstari wa jedwali la mikopo. Mstari mmoja. Kama ningetaka mistari yote inayolingana na swali, ningetakiwa kuweka mbele yake neno SETOF, herufi tano. Sikuliweka, kwa sababu data niliyojaribia niliitunga mwenyewe, wanachama 20, na kila mmoja nilimpa mkopo mmoja.

Kinachotokea ukiliacha neno hilo kimeelezwa wazi kwenye mwongozo wa PostgreSQL, na ni kosa langu kwamba nilikisoma baadaye. Fankisheni ya namna ile ikipata mistari miwili, inarudisha wa kwanza na kuuacha wa pili. Haitoi kosa wala onyo. Mwongozo unakumbusha pia kwamba usipotaja mpangilio, huwezi kusema kwa hakika mstari wa kwanza ni upi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mambo yalionekana kwenda sawa kwa miezi mingi. PostgreSQL haifuti mstari na kuandika juu yake. Unapoubadilisha, kwa mfano kupunguza salio baada ya malipo, inaandika toleo jipya la mstari huo mahali penye nafasi, na toleo la zamani linabaki mpaka litakapofagiliwa. Swali lisilotaja mpangilio linapopita kwenye jedwali, huokota mistari kama inavyoikuta. Siku ile ya mwezi wa pili mama alilipia dharura kwanza, maendeleo baadaye. Mkopo uliolipiwa mwisho ukawa nyuma, na uliokwisha ukawa mbele. Kwa kuendelea kulipa deni lake, yule mama ndiye aliyelisogeza deni hilo mahali ambapo fankisheni yangu haikufika.

Ripoti ya robo mwaka niliiandika kwa swali jingine, lililosoma mistari yote ya jedwali. Ndiyo maana mwezi wa sita kompyuta ileile iliyomwambia hana deni ikatoa orodha ya wadaiwa sugu na jina lake likawemo. Hakuna aliyegundua kwamba majibu mawili yanapingana, kwa sababu moja lilikuwa la dirishani na jingine la kamati, na watu hao hawakai meza moja.

Jioni ile sikwenda nyumbani. Nilitafuta kwanza wanachama wote wenye mkopo zaidi ya mmoja. Walikuwa 17. Wengi waliendelea kulipa kwa sababu hawakuwahi kuuliza salio. Nilikaa nikiitazama orodha hiyo nikawaza kwamba waliokuwa salama ni wale ambao hawakuniuliza kitu.

Kurekebisha kosa lenyewe kungechukua dakika moja. Lakini nilishaogopa neno moja linavyoweza kufanya, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikajiuliza kwa uzito jambo ambalo zamani nilikuwa nalijaza kama fomu: fankisheni hii irudishe nini hasa?

Edgar Codd, mtu aliyeweka msingi wa kanzidata za namna hii, alichapisha makala yake mwaka 1970 alipokuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California. Katika mawazo yake, data ni seti. Mistari haina wa kwanza wala wa mwisho, na unapouliza swali juu ya seti, jibu nalo ni seti. Inaweza kuwa na mistari elfu, mmoja, au isiwe na kitu. Niliwahi kuyajibia hayo kwenye mtihani chuoni na kupata alama nzuri. Halafu nikaenda kazini nikaandika fankisheni iliyodhani jibu ni kitu kimoja, kama mtu anayepokea simu akasikiliza sentensi ya kwanza na kukata.

Njia ya kwanza niliyoifikiria ilikuwa nyepesi: niongeze SETOF, fankisheni irudishe mistari yote ya jedwali la mikopo. Niliiandika, ikafanya kazi. Mikopo miwili ya mama ikatokea, mmoja chini ya mwingine. Nilikuwa karibu kufunga kompyuta nilipoona safu ya mwisho. Jedwali lile lilikuwa na safu iitwayo maoni, ambamo kamati ya mikopo huandika kwa nini imemkubali au kumkataa mtu. "Mume hana kazi." "Aliwahi kuchelewa, tumpe nusu." Skrini ya karani haikuionyesha safu hiyo, lakini fankisheni iliituma mpaka kwenye kompyuta ya dirishani, na mtu mdadisi angeiona. Na kesho kamati ikiomba safu nyingine, nayo ingesafiri hivyohivyo bila mimi kuamua. Kurudisha mstari mzima wa jedwali ni kuahidi kutoa kila kilichomo, pamoja na ambacho bado hakijawekwa.

Njia ya pili ilikuwa kurudisha seti ya mistari isiyotajwa umbo lake, ile inayoandikwa SETOF record. Fankisheni inasema tu kwamba italeta mistari, na kila anayeiita ndiye anayelazimika kutaja safu zake na aina zake. Inafaa mahali ambapo umbo kweli halijulikani mapema. Kwangu ingekuwa kukwepa. Ningehamishia kila skrini kazi ya kujua ninachopaswa kukijua mimi.

Rafiki yangu mmoja, aliyekulia kwenye mifumo ya Oracle, alinishauri kwa simu nirudishe kielekezi. Hapo fankisheni hairudishi matokeo, inarudisha jina la mahali matokeo yanapoweza kuchotwa kidogo kidogo. Ni kama kupewa namba ya foleni badala ya mzigo. Kwa ripoti ya mistari laki kadhaa, ni jambo la busara. Lakini kielekezi cha kawaida huishi ndani ya muamala mmoja tu. Muamala ukifungwa, namba yako ya foleni haina maana tena. Skrini zangu zilikuwa zikifungua na kufunga muamala kwa kila ombi. Na mama wa mchele hahitaji mistari laki. Anahitaji miwili.

Nikabaki na njia ya nne, RETURNS TABLE, iliyoingia PostgreSQL katika toleo la 8.4 mwaka 2009. Hapo unaandika safu moja moja, jina na aina yake: namba ya mkopo, aina ya mkopo, salio, tarehe ya malipo ya mwisho. Bado ni seti, kwa hiyo mistari yote inarudi. Lakini ni seti uliyoitamka. Maoni ya kamati hayamo kwa sababu hukuyataja. Safu mpya ikiongezwa kwenye jedwali, haiingii mpaka mtu akae chini na kuamua iingie. Nilipenda kwamba mtu mwingine akija baada yangu, mistari minne ya juu ingemwambia fankisheni hii inaahidi nini, bila kusoma kilicho chini.

Nikaandika, nikabonyeza, PostgreSQL ikakataa. Ilisema haiwezi kubadilisha aina ya kinachorudishwa na fankisheni ambayo tayari ipo, na ikanielekeza niifute kwanza. Kubadilisha kilichomo ndani ya fankisheni inaruhusu, hata mara kumi kwa siku. Kubadilisha umbo la jibu, hapana. Zamani ujumbe huo ulikuwa unanikera. Usiku ule niliona kanzidata inalijua jambo nililokuwa silijui. Kuna wengine wanaolitegemea jibu lile, na huwezi kuligeuza umbo kimyakimya. Ikabidi niandike kwenye karatasi kila mahali fankisheni ile inapoitwa. Skrini mbili, na ujumbe mfupi wa simu unaotumwa kwa mwanachama kila mwisho wa mwezi. Ujumbe! Wanachama wale 17 walikuwa wakipokea pia kwenye simu zao salio la mkopo mmoja.

Niliifuta fankisheni ya zamani. Niliandika mpya, na hapo nikakutana na swali ambalo sikulitarajia: jibu likiwa tupu, linamaanisha nini?

Mwanachama anaweza asiwe na mkopo kwa sababu hajawahi kukopa. Lakini seti tupu inarudi pia karani akikosea tarakimu moja akaandika namba ya mtu asiyekuwepo. Kwenye skrini mambo hayo mawili yangefanana: hakuna mistari, hakuna deni. Mtu angeambiwa tena "umemaliza" na kompyuta ambayo haikujua hata ni nani anayeulizwa. Nikaamua kwamba fankisheni ya dirishani ikipewa namba isiyokuwepo isirudishe kitu. Igome na iseme namba hii haipo. Na mkopo uliokwisha uonekane kwa mwaka mzima ukiwa na sifuri yake, ili sifuri iwe ya mkopo fulani wenye jina, isiwe sifuri inayoelea.

Uamuzi huo ulinilazimisha kuchagua na lugha. Ndani ya PostgreSQL unaweza kuandika fankisheni kwa SQL tupu au kwa PL/pgSQL, yenye masharti na uwezo wa kugoma kwa ujumbe wako mwenyewe. Nilihitaji kugoma, kwa hiyo nikachukua PL/pgSQL. Jaribio la kwanza likashindwa kwa kuwa nilikuwa nimeita safu ya jibu salio, na jedwali nalo lina safu iitwayo salio. Ndani ya PL/pgSQL, safu unazozitangaza kwenye RETURNS TABLE huwa pia majina ya vigeu, na kanzidata ikasema jina hili lina utata, sijui unamaanisha lipi. Dawa yake ni kutaja jedwali kila mara: salio la mikopo, si salio tu. Nilicheka peke yangu saa sita usiku. Karani angeulizwa swali hilo mwezi wa pili, salio la nini, tusingefika hapa.

Baada ya hapo nilitaka kuandika kila kitu kwa PL/pgSQL, kama mtu aliyenunua nyundo mpya. Ripoti ya mwezi ndiyo iliyonirudisha. Niliigeuza nayo, ikawa nzito kuliko mwanzo, nikachunguza kwa nini. PostgreSQL ikikutana na fankisheni fupi ya SQL yenye swali moja, iliyotangazwa kwamba haibadilishi data, inaweza kuifumua na kuiunganisha na swali kubwa linaloiita. Ukiuliza wadaiwa wa tawi moja, sharti la tawi linashuka mpaka ndani na faharasa inatumika. Fankisheni ya PL/pgSQL haifumuliwi. Ni chungu chenye mfuniko. Inakusanya matokeo yote kwanza, ndipo inayatoa, na sharti la tawi linayachuja yakiwa yameshatoka. Usipoipa kanzidata makadirio, yenyewe inakisia kwamba chungu hicho kina mistari 1,000, na kwa kisio hilo inapanga safari nzima. Kwa mama mmoja mwenye mikopo miwili hilo halina madhara. Kwa ripoti ya chama kizima lina madhara.

Kwa hiyo nikaishia na fankisheni mbili. Ya dirishani ni ya PL/pgSQL, inauliza kwanza kama mtu yupo, na inagoma asipokuwepo. Ya ripoti ni SQL tupu, swali moja lililo wazi ambalo kanzidata inaweza kuona mpaka ndani yake. Zote zinarudisha safu zilezile kwa majina yaleyale, ili dirisha na kamati wasipewe tena majibu yanayopingana. Kulipopambazuka nilikuwa nimemaliza. Nilifanya jaribio moja ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwanzo: nilimtunga mwanachama mwenye mikopo mitatu, nikamlipia ovyoovyo mara 50, na baada ya kila malipo nikauliza. Mitatu. Mitatu. Mitatu.

Kulibaki barua.

Meneja alipendekeza tuseme kulikuwa na tatizo la mtandao. Sitamlaumu sana, ni maneno ambayo kila mtu nchini anayajua, na hakuna anayeuliza zaidi. Nami, niseme kweli, kwa sekunde kadhaa nilifarijika. Mtandao hauna jina wala hauna miaka 25.

Mwalimu ndiye aliyekataa. Alikuwa ameketi pembeni na sanduku lake la kadi, ambalo hakuwa amelitupa ingawa nilishamwambia mara nyingi alitupe. Alichomoa kadi ya yule mama, iliyoishia mwezi ule tulioanza kutumia kompyuta, akaiweka mezani. "Kadi hii ningekuwa nayo dirishani," akasema, "nisingeweza kuuona mkopo mmoja nisiuone wa pili. Jicho lingegongana nao. Andika kijana, andika kwamba tulimwambia kitu kisichokuwa kweli, na kwamba yeye aliuliza."

Nikaandika hivyo. Adhabu ikafutwa, marejesho yakapangwa upya kuanzia mwezi wa saba, na wadhamini wote wawili wakapelekewa barua nyingine ya kuomba radhi. Wale wengine 16 tuliwapigia simu mmoja mmoja. Karani alipiga nusu, mimi nusu.

Barua ya mama niliipeleka mwenyewe sokoni. Nilimkuta akipima mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule fundi wa kompyuta?"

Nilimwambia ndiye. Nilimwambia pia kwamba kosa halikuwa la karani. Kompyuta ilisema nilichoiambia iseme, na mimi niliiambia iseme kimoja tu. Alisikiliza huku akifuta mikono kwenye khanga. Aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari lake, kwenye ukurasa wenye mikopo yote miwili kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mimi nilikuwa nimeandika," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeambiwa mwishowe kwamba hakuwa na wazimu.

Kisha akanionyesha kwa kidevu meza ya tatu kutoka kwake, mama mwingine aliyekuwa akipanga dagaa. "Yule ni mdhamini wangu. Alipata barua yenu kabla yangu. Aliisomewa na mwanawe mbele ya mumewe. Hii ya pili pia ameipata, nimeona imeletwa. Ila hatujasalimiana vizuri tangu siku ile."

Nilitaka niende nikamweleze. Mama akatikisa kichwa. "Acha. Utamweleza nini? Kwamba mashine ilihesabu mkopo mmoja? Yeye alichosikia ni jina lake."

Ni miaka michache sasa. Nimeandika fankisheni nyingi tangu hapo, na kwa nyingi jibu sahihi ni mstari mmoja kweli: jina la mwanachama, jumla ya hisa, tarehe ya mkutano. Sina sheria ya kumpa mtu. Nina zoea moja tu. Kabla sijaandika kile kitakachorudi, namwazia mtu aliyesimama dirishani anayejua zaidi ya ninachokidhani, najiuliza kama umbo la jibu langu lina nafasi ya kumkubalia.

Karani naye ana zoea lake, nililoliona nilipopita pale mwaka jana kubadilisha seva. Mwanachama akiuliza salio, anageuza skrini mpaka waiangalie wote wawili, na anahesabu mistari kwa kidole. Siku hiyo nilimwuliza habari za yule mama wa mchele. Akasema anaendelea vizuri, alimaliza ule mkopo wa maendeleo, na ameomba mwingine.

"Na mdhamini wake ni yuleyule?"

Karani akanyamaza kidogo. "Hapana," akasema. "Alitafuta mwingine."